Zana za Kinanda cha Mama Yako

Mjukuu wangu, mume wangu Magesa,

Salamu tutapeana kesho kwa mdomo. Utaniambia shikamoo, nitaitika marahaba, kwa hiyo hapa sipotezi wino kusema mimi mzima na wewe u mzima. Tunalala nyumba moja. Umekwenda sokoni Mwaloni kuwaaga wenzako na jua bado lipo, nami nimekaa barazani nione ninachoandika. Mwandiko wangu unaujua. Niliupata kwenye kisomo cha watu wazima, mama yako mgongoni, kila nikiinama kuchora herufi ananivuta kilemba. Herufi zikipinda, mlaumu yeye.

Sikuandikii habari za kula, kufua wala kuchagua marafiki. Kama umefika umri huu hujui kufua shati lako, nilipoteza sabuni bure. Nakuandikia juu ya kinanda cha mdomo cha mama yako.

Najua umeninunia. Tangu siku ile unakula kimya kama mgeni, unasema "asante Bibi" na kuondoka. Ulitaka uondoke na kinanda, na kabla ya kuondoka ulitaka uunyooshe ule ulimi mmoja wa shaba unaolia vibaya, tundu la tatu. Ukatoka gereji na tupa mkononi.

"Bibi, lete nikitengeneze, ni dakika moja tu."

"Kwa tupa hiyo? Hiyo ya kunolea panga? Unakwenda kufyeka?"

"Bibi, chuma ni chuma."

"Chuma ni chuma! Na mimi na kiboko sote tunaoga ziwani, basi tuko sawa?"

Ukacheka. Mimi sikucheka. Nikakipokonya, nikasema utatoka nyumba hii na nguo zako tu, kinanda utakiona siku nikifa. Maneno hayo yalinitoka na sikuyarudisha. Mimi si mtu wa kurudisha maneno, unanijua.

Tangu hapo nimefikiri. Nitakuambia nilichoamua, lakini usiruke kwenda mwisho wa barua. Nakuona unavyogeuza karatasi. Rudi hapa. Soma kwanza habari za zana, kwa sababu mtu asiyejua zana hana haki ya kushika kitu hiki, hata kama kilikuwa cha mama yake.

Wewe Mwanza unayoijua ni hii yenye kila kitu, mitumba mpaka barabarani, redio za kila rangi. Mama yako alikua wakati tunapanga foleni ya sabuni tangu alfajiri na kurudi bila sabuni. Halafu ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje. Maduka ya Wahindi mjini yakajaa vitu mpaka mtu anapita pembeni ya rafu kwa tumbo. Mama yako Nyabise alifanya kazi kiwanda cha nguo, kwenye mashine za kusokota. Aliniahidi kanga. Mwisho wa mwezi akaja na kiboksi kirefu chekundu.

"Kanga yangu iko wapi?"

"Mama, sikiliza kwanza."

Akakiweka mdomoni. Sauti iliyotoka, hata mbuzi wa jirani alinyamaza akageuka kuangalia. Nikamwambia mbuzi angepewa kanga angelia vizuri zaidi. Akacheka mpaka akaketi chini. Hakukiacha. Alikuwa akirudi kiwandani, pamba bado kwenye nywele, anakaa pale pale kwenye ngazi anavuta na kupuliza, anavuta na kupuliza. Baada ya muda wanawake wa bombani wakawa hawaondoki ndoo zikijaa. Na mimi nilikuwa nasikiliza nikiwa ndani, nikigonga sufuria ili asijue. Sikuwahi kumwambia kinapendeza. Nilisubiri kanga.

Kiwanda kikapunguza watu. Wewe ulikuwa unaanza kukimbia. Alikuacha kwangu akaenda visiwani kuwapikia wavuvi. Alirudi mwembamba, kinanda kwenye mfuko wa gauni, na kikohozi.

Sasa hapa nitasema jambo ambalo unalijua, kwa sababu ulikuwepo na macho unayo. Nilimwekea kikombe chake na sahani yake. Hakuna aliyeniambia. Ugonjwa ule watu walikuwa hawautaji, wanashusha sauti tu, na mimi niliogopa kwa ajili yako, na niliogopa kwa ajili yangu pia, niseme ukweli wote. Kikombe cha bati chenye ua la bluu. Alikiona siku ya kwanza, akakigeuza geuza, akasema, "Mama umeninunulia zawadi." Ndivyo alivyokuwa. Alikunywa kwa kikombe kile mpaka mwisho na hakunilalamikia hata mara moja, na laiti angenilalamikia ningekuwa na la kumjibu.

Pumzi ilipopungua hakuweza tena kupiga wimbo. Alilala ubavu, kinanda kwenye mto, mdomo kwenye tundu moja. Akivuta hewa kinalia, akitoa hewa kinalia sauti nyingine. Mchana kutwa. Hata akisinzia. Mimi nikiwa jikoni nakaanga mapanki, ile mifupa ya sangara ya kuuza, nilijua yupo kwa sauti zile mbili. Jirani akaniuliza, "Huyo mgonjwa hachoki?" Nikamjibu achoke yeye kusikiliza, ahame.

Siku ya kuondoa matanga wakaniambia vitu vya marehemu visigawiwe. Vichomwe. Wake za ndugu wote walikuwa wamekaa pale na kanga zao midomoni. Nikasema kwangu hakichomwi kitu, vitachemshwa. Niliona nimewashinda. Nikaweka sufuria kubwa ya mapanki juu ya mafiga, nikatia maji, sabuni ya mche na dawa ya kuua wadudu, nikatumbukiza magauni, shuka, kikombe. Halafu nikachukua kinanda. Kilikuwa kimegusa mdomo wake kuliko kitu chochote. Nikakitia. Nikakigeuza kwa mwiko kama ugali.

Wewe hukulia makaburini, watu walikushangaa. Ulilia pale kwenye sufuria. Ulinishika gauni ukasema, "Bibi, kitakufa." Nikakusukuma.

Haya. Nimeliandika na sitaliandika tena. Tuingie kwenye zana.

Nilipokitoa kilikuwa kinatoa povu kwenye matundu. Mbao ya katikati, ile yenye matundu, ilikuwa imevimba mpaka imetokeza nje ya mabamba kama meno ya mzee. Ukipuliza, kimya. Nikakianika juani juu ya bati ili kikauke haraka. Kosa. Mbao iliyolowa haianikwi juani, inapinda. Inakaushwa kivulini, pole pole, na imebanwa katikati ya vitu viwili vilivyonyooka.

Kilipokauka nikataka kukifungua nione ndani. Nikachukua kisu cha kuparia samaki nikakitumia kama bisibisi. Kosa la pili, na alama zake mpaka leo ziko kwenye vichwa vya skrubu, utaziona. Skrubu zile ni za shaba, ni laini. Kisu kikiteleza kinakula mfereji wake, na mfereji ukiisha huna pa kushika tena. Bisibisi inatakiwa ijaze mfereji wote, upana na unene, ikiingia isicheze hata kidogo. Ikicheza, si yake. Usilazimishe. Ile nyembamba yenye mpini mweusi uliyokuwa unaiona kwenye kopo langu ilikuwa ya cherehani. Ilikuwa nene mno, nikaisaga kwenye jiwe la ziwani, nikijaribu na kusaga tena, mpaka ikakaa. Ni kazi ya kuchosha lakini ndiyo kazi. Mtu anayesema hii inakaribia kutosha ndiye atakayeharibu.

Ndani niliona kutu na uchafu, ndimi zimeganda. Na mimi kwa akili zangu, mke wa mvuvi, binti wa mvuvi, niliona kitu kilichoganda dawa yake ni mafuta. Mafuta niliyokuwa nayo ni ya kukaangia. Unacheka? Nilikipaka kinanda mafuta ya sangara, kila ulimi, kwa unyoya wa kuku. Nikajiona fundi. Baada ya siku chache kilikuwa kinanuka kama ghala la Mwaloni, na sisimizi wamehamia na mayai yao. Ndimi zilizokuwa zimeganda kwa kutu sasa zimeganda kwa ute. Kumbuka hili: ndani ya kinanda haingii mafuta ya aina yoyote. Wala ya sangara, wala ya nazi, wala ya cherehani. Ulimi unataka kuwa mkavu na huru.

Ndipo nikakifunga kwenye kanga nikaenda mjini kwa sonara, Mzee Kanji, yule aliyekuwa na duka jembamba lenye mlango wa chuma, ambaye wewe ulikuwa unaogopa jicho lake la kioo. Halikuwa jicho lake, ilikuwa lenzi. Sikuwahi kuingia duka la dhahabu maishani mwangu. Niliingia na harufu yangu ya mapanki, mabibi wawili wenye bangili wakasogea. Akakifungua, akanusa. Akaweka lenzi.

"Mama, hii nani alipika?"

"Mimi."

"Chumvi ulitia?"

"Na dawa ya wadudu."

Hakucheka, ingawa alitaka. Akaniuliza ni cha nani. Nikamwambia. Akaita mwanawe aniletee chai, na chai ile ililetwa kwa kikombe kilekile cha nyumbani kwao, chenye mstari wa dhahabu, kama alichokuwa ananywea yeye. Mimi na harufu yangu. Niliinywa kwa shida, Magesa. Nilikuwa namwona mama yako na ua lake la bluu.

Hakukitengeneza. Alisema hajawahi kutengeneza kinanda, yeye anajua vitu vidogo tu, lakini kitu kidogo ni kitu kidogo. Akaniambia niwe nakuja siku za biashara mbaya, nikae kwenye kiti cha nyuma, tujaribu. Nilikuwa nakwenda baada ya kuuza. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu yeye alikuwa akiniacha nikosee kwenye kipande cha bati kwanza. Mkono wangu ulizoea kupara sangara mkubwa. Alikuwa akinipiga vidole kwa penseli kama mtoto wa shule. "Mama, hii si samaki."

Aliyonifundisha ni haya, na mengine nimeyaongeza mimi.

Kusafisha, mswaki wa mtoto, uliokwisha tumika mpaka ukalainika. Unapiga kuelekea ncha ya ulimi, usipige kinyume, utaunyanyua na kuuvunja. Uchafu ulioingia kati ya ulimi na mfereji wake unautoa kwa kipande cha karatasi laini, unakipitisha chini kama unavyopitisha uzi. Usitumie sindano. Nilitumia sindano na pini, na mikwaruzo yake ipo kwenye tundu la saba, inaonekana kwa macho. Ukitaka kusukuma ulimi uinuke au ushuke, tumia kijiti, kile cha kuchokolea meno, umekichonga mwenyewe. Mti hauumizi shaba. Chuma kinaumiza.

Ulimi ukikaa chini mno unabanwa, ukipuliza haulii. Ukikaa juu mno unakula pumzi ya mtu bure. Unataka nafasi ndogo tu, kama unene wa karatasi. Unausukuma kidogo, unajaribu, unausukuma tena. Mama yako pumzi yake ilikuwa ndogo, ningejua haya akiwa hai ningemshushia ndimi zote zikae karibu, asihangaike. Nilikuwa na mikono na sikuwa na ujuzi. Hilo linaniuma kuliko sufuria, kama unataka kujua.

Kurekebisha sauti, tupa, lakini si tupa yako ya panga. Tupa ya sonara, nyembamba kama njiti ya kiberiti, meno yake huyaoni, unayahisi kwa ukucha. Na usiukwangue ulimi ukiwa hewani. Chini yake unapitisha kibamba chembamba, kama vile vya fundi pikipiki vya kupimia nafasi ya plagi, ulimi ulale juu yake. Ukitaka sauti ipande, unakwangua ncha. Ukitaka ishuke, unakwangua karibu na shina, pale ulipofungwa. Na kila mara unakwangua kwa urefu. Kwa urefu, Magesa. Ukikwangua kwa kukata, umeuwekea ulimi mahali pa kuvunjikia, na utavunjika siku usiyotaka. Halafu kidogo. Ukiondoa shaba huwezi kuirudisha. Unakwangua mara mbili, unakiweka kinanda kwapani kipate joto la mtu, unajaribu. Kikiwa baridi kinadanganya. Ile haraka yako ya dakika moja iache gereji.

Mbao tuliisawazisha kwa msasa. Mimi nilileta wa seremala, unaoweza kukwangua mlango. Mzee Kanji aliurusha nje. Ulitakiwa msasa laini, umelazwa juu ya kioo, na mbao ndiyo inayokwenda na kurudi juu yake, si msasa unaozunguka juu ya mbao. Tukamaliza kwa nta ya nyuki, kidogo tu, mate yasiingie tena. Siku tulipokifunga na kukipuliza, Mzee Kanji ndiye aliyepuliza, mimi sikuweza. Matundu yote yakaitika. Nikaangalia nje barabarani kama kuna kitu.

Isipokuwa tundu la tatu. Ukivuta, linatetemeka kama mtu anayetaka kusema akaahirisha. Nikamwambia hilo nimeliua mimi kwa maji ya moto. Akaweka lenzi, akaangalia muda mrefu. Akanipa na mimi niangalie. Kwenye shina la ulimi kuna ufa, mwembamba kuliko unywele.

"Hii si maji, mama. Maji inaleta kutu. Hii imechoka. Mtu alipiga hii moja peke yake, siku nyingi sana."

Nikashuka kwenye kiti nikaenda nyumbani bila kuaga. Ulikuwa unapika uji, uliniuliza kama nimegombana na Mhindi.

Alinieleza baadaye kwamba ulimi wenye ufa hautengenezwi. Usikwanguliwe wala kunyooshwa, unatolewa. Unatafuta kinanda kingine cha aina ile ile, sauti ile ile, hata kama ni cha bei ya kutupa, unachukua ulimi wa tundu hilo hilo, unaweka pale. Kile kipini cha shaba kilichoushika unakisukuma kwa ncha butu kutokea chini, bamba likiwa juu ya nati ili lisipinde, halafu ulimi mpya unaufunga kwa skrubu ndogo kabisa na nati yake. Alinipa skrubu hiyo. Alinitafutia na kinanda cha kuchukulia ndimi, cha Kichina, kipya. Akaniambia, "Lete kesho, tumalize."

Sikupeleka kesho. Sikupeleka hata alipougua, hata walipofunga duka wakaenda kuishi kwa mwanawe mkubwa Nairobi. Alipita na gari kuniaga, mzee wa watu, akashuka mwenyewe kwenye tope la hapa kwetu Kirumba, akaniletea tupa zake mbili ndogo. Akaniuliza, "Ile moja bado?" Nikasema bado, kazi nyingi. Akatingisha kichwa kama anayekubali.

Kazi nyingi gani? Miaka yote hii nimekuwa nikikifungua kinanda kile, nakisafisha na wala si kichafu, nakifunga. Majirani wanadhani bibi amepata wazimu wa muziki, na mimi siwezi kupiga hata wimbo wa watoto. Ulimi ule ndio aliovutia pumzi. Ndimi zote zilizobaki nimezikwangua, nimezinyoosha, zimekuwa zangu. Ule sijaugusa. Na nilijua siku nikiubadilisha kinanda kitakuwa kizima, na kikiwa kizima sina kazi tena na Nyabise. Ndiyo sababu ya kukufokea. Haikuwa tupa ya panga peke yake. Ingawa tupa ile nayo ni upumbavu.

Wewe ulitaka kiwe kizima kwa sababu unataka kukipiga. Niligundua jana nikikuangalia unafunga mkoba. Mama yako alikinunua apige. Hakukinunua nikitunze kama mfupa. Na mimi nilishakaa nikimsikiliza kwa siri nikigonga sufuria, nikasubiri kanga mpaka akafa. Sitaki kuwa mtu yule tena kwako. Ukikipiga vizuri nitakuambia. Ukikipiga vibaya nitakuambia pia, hilo usiwe na shaka.

Kesho utavuka kwa kivuko cha Kigongo uende Geita, kwa yule mwenye mashimo ya dhahabu anayetaka fundi wa mashine ya kusaga mawe. Sikukatazi. Nimewaona vijana waliokwenda kule. Wengine walirudi na baiskeli mpya, wengine walirudishwa, na wengine hatujui. Nilipokuwa nikimuaga mama yako kwenda visiwani nilimwambia, "Ukipata hela leta kanga." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kumuaga. Kwa hiyo kesho kivukoni sitasema kitu, usije ukadhani sijali. Naogopa mdomo wangu.

Vumbi la mawe yale ni baya kwa kinanda kuliko maji. Linaingia kwenye mfereji na kusaga ulimi. Kifunge kwa kitambaa kisha ndani ya mfuko wa nailoni, na usikipige mashine ikiwa inazunguka. Osha mdomo kwanza. Na mtu akikuazima kikombe chake, kunywa. Mtu mgonjwa ukimkuta kule, na utawakuta, mpe kikombe chako.

Nilichoamua ni hiki. Kinanda kiko ndani ya mkoba wako, chini ya shati la bluu. Zana ziko kwenye kopo la maziwa, nimelifunga kwa mpira: bisibisi, tupa mbili za Mzee Kanji, kibamba, kibanio cha kushikia skrubu, ile ncha butu na nati yake, vijiti nimekuchongea, msasa, nta. Kinanda cha Kichina nacho kipo na skrubu yake ndogo iko ndani ya kitambaa chekundu, usiifungulie nje penye upepo.

Ulimi wa tatu sijaubadilisha. Leo mchana nilikifungua, nikaweka bamba juu ya nati, nikashika ile ncha butu. Mkono ulikataa. Nikafunga tena. Utaubadilisha wewe. Fanya siku ya mapumziko, mchana, mezani, ukiwa umeshiba. Jaribu kwanza kwenye kile cha Kichina, ujue mkono wako.

Ukishautoa ule wa zamani usiutupe. Ni kitu kidogo, ukianguka kwenye kokoto zile hutauona tena. Uweke kwenye karatasi, uikunje. Usimpe dereva aniletee. Usimpe mtu yeyote anayekuja Mwanza, hata akiwa mtu wa kanisani, watu wanapoteza vitu. Wala usiutie kwenye bahasha. Uulete mwenyewe, unipe mkononi.

Bibi yako,
Nyafuru